Shajara ya memwari yangu: homoni, astrositi na ile sifuri iliyonitesa

Tarehe 6 mwezi wa pili

Basi nimeanza. Nilisema sitaandika shajara juu najijua, nitaiacha njiani sawa ile ya mwaka jana, lakini prof alinishika akaniambia mwanafunzi asiyeandika anachofanya kila siku anaishia kudanganya ata bila kutaka, mwezi wa tano hatakumbuka tena namba fulani aliitoa wapi. Nikacheka. Sikujua ananitabiria.

Sujeti ya memwari, ile kazi ya kuandika ya kumaliza masomo: homoni zinabadilisha namna gani kazi ya astrositi ya kufyonza glutamati. Wenzangu wa promosyo wote wamechukua malaria, kisukari, mambo ya uzazi, mimi peke yangu niko na kitu ambacho nikikitamka kwenye bus ya Panzi hapa Bukavu watu wanafikiri nimeanza kusali kwa lugha.

Nielezee haraka. Kwenye kichwa kuko nyuroni, seli za kupeleka habari, hizo kila mtu anazisikia, halafu kuko seli zingine ambazo zamani walizidharau wakasema ni gundi tu ya kushikilia nyuroni, ata jina glia linatoka kwa neno la Kigiriki la gundi. Astrositi ni moja ya hizo. Sasa nyuroni akitaka kuongea na mwenzake anamwaga glutamati, kemikali ya kubeba habari, kwenye kapenyo kadogo kati yao, na hiyo glutamati ikishasema habari yake lazima itoke pale, ikibaki inaendelea kumpigia kelele yule wa pili mpaka kalsiamu inamjaa ndani na anakufa. Na shida ni hii: asetilikolini, kemikali nyingine ya habari, iko na enzaimu yake pale pale nje ya kuikata, glutamati haina. Hakuna wa kuikata nje, lazima mtu aibebe aiingize ndani. Fikiria soko la Kadutu jioni, wauzaji wameenda, na wenye kufagia hawakuja siku hiyo, wala kesho yake, wala kesho kutwa. Astrositi njo wenye kufagia.

Milango wanayopitishia iko miwili hasa, GLAST na GLT-1. GLT-1 inabeba karibu 90% ya kazi kwenye ubongo wa mbele. Mwaka 1997 Tanaka na wenzake kule Japani walitengeneza panya wasio na GLT-1 kabisa, panya wakawa wanapata kifafa mpaka kinawaua. Kwa hiyo si gundi.

Labo ya kuotesha seli hatuna. Inataka joto lisilocheza usiku na mchana, hewa ya kaboni, seramu kutoka ng'ambo, na zaidi ya yote umeme usiokatika, na hapo tu unajua tayari tumefika mwisho wa mazungumzo. Kwa hiyo nitafanya modeli kwenye mashini. Python, lugha ya kuandikia programu, ni ya bure, panya si wa bure.

Tarehe 11

Modeli ya kwanza imeandikwa. Nimetumia ile fomula ya Michaelis na Menten tuliyofundishwa biokemia, kasi ya kufyonza ni Vmax mara glutamati, gawanya kwa Km jumlisha glutamati. Vmax ni kasi ya juu kabisa, Km ni kiasi cha glutamati kinachofikisha nusu ya kasi hiyo. Km nimeweka mikromola 20. Nikamwaga glutamati ya milimola moja kwenye kapenyo, nikabonyeza, nikangoja laini ya glutamati kwenye grafu ishuke.

Haijashuka.

Tarehe 12

Haijashuka tena. Umeme uliondoka saa moja, betri ikaniacha saa mbili na robo.

Tarehe 15

Siku nne nilitafuta kosa kwenye kodi ya programu, kumbe kodi iko sawa, mwenye kosa ni mimi. Nilikuwa nafikiri huu mlango unapitisha glutamati sawa barrière ya Ruzizi, mpakani na Rwanda, siku ya soko, wuu wuu wuu. Hapana. Wadiche na wenzake walipima mwaka 1995, mlango mmoja unafanya mizunguko karibu 15 tu kwa sekunde. Yaani mzunguko mmoja unakula kama milisekunde 70, na glutamati kwenye sinapsi, kale kapenyo, inakaa kama milisekunde moja hivi. Mlango bado haujageuka ata kidogo na habari imeisha zamani!

Nikakaa na karatasi na kalamu. Lehre na Danbolt walihesabu 1998 kwenye hipokampasi ya panya, sehemu ya ubongo ya kumbukumbu: kila mikromita mraba ya ngozi ya astrositi iko na GLT-1 kama 8,500 na GLAST 2,300, jumla 10,800. Piga mara 15, ni 162,000 kwa sekunde, yaani 162 kwa milisekunde. Na kifuko kimoja cha glutamati kinamwaga molekuli elfu kadhaa. 162 kwa maelfu, njo maana laini yangu ililala tu pale juu.

Sasa jibu liko wapi? Jibu ni kwamba glutamati kwanza inasambaa yenyewe, inatoka kwenye kapenyo, halafu huko pembeni inakuta mikono 10,800 kwa kila kamraba kadogo, inashikwa. Kushikwa ni haraka. Kuingizwa ndani njo polepole. Ni sawa na wale mamama wa bandarini wanaoshika mzigo wako kabla bwato halijafunga kamba, bei mtaongea baadaye lakini mzigo tayari uko mikononi mwao. Ndiyo maana ubongo unaweka milango mingi hivyo, si kwa kasi yake, ni kwa wingi wa mikono.

Nimeongeza hatua ya kushika kabla ya hatua ya kuingiza. Laini imeshuka. Nilipiga kelele mpaka mdogo wangu akaja kuuliza kama nimepata viza.

Tarehe 19

Nikasahau kuandika kitu muhimu: zile namba za Lehre na Danbolt zinabadilika kufuatana na sehemu. Kwenye serebela, ule ubongo mdogo wa nyuma, ni kinyume kabisa, GLAST 4,700 na GLT-1 740 tu. Kwa hiyo mtu akikuambia "homoni fulani inaongeza ufyonzaji" muulize kwanza, astrositi za wapi?

Tarehe 24

Leo homoni zimeingia. Hii itakuwa ndefu, mnisamehe, nimekunywa kahawa ya Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu, vikombe vitatu.

Nimechukua tatu. Ya kwanza T3, homoni ya tezi ya shingo. Mendes-de-Aguiar na wenzake wa Brazili walionyesha mwaka 2008 kwamba astrositi za serebela za panya wachanga zikipewa T3 zinafyonza glutamati zaidi, GLAST na GLT-1 zote mbili zinaongezeka, na seli zinavumilia vizuri zaidi zikimwagiwa glutamati nyingi ya kuua. Ya pili estradioli, aina kuu ya estrojeni, homoni ya kike: Pawlak na wenzake 2005 waliona inaongeza milango yote miwili kwenye astrositi, na mbele yao, 2002, Liang na wenzake walikuwa wameiona kwa astrositi zilizotolewa kwa watu waliokufa na Alzheimer, ugonjwa wa kusahau, ufyonzaji ulipanda. Ya tatu ni kotikoidi, homoni ya tezi za juu ya figo, na hapa ni dawa inayoiiga, deksametazoni ile ile tunayoandika kwenye ordonansi karibu kila siku, Zschocke na wenzake 2005, hiyo inapandisha GLT-1 kwenye astrositi za gamba la ubongo lakini ukienda sehemu zingine za ubongo haifanyi vile vile. Unaona? Swali la wapi limerudi.

Kitu nilichokipenda kwa T3 ni kwamba astrositi si mteja tu, ni fundi pia. Damu inaleta T4 nyingi, ambayo peke yake haina nguvu sana, T4 inaingia ndani ya astrositi, mle kuko enzaimu inayoitwa D2 inayoitoa iyodi moja, T4 yenye iyodi nne inakuwa T3 yenye iyodi tatu, halafu T3 inatoka kwenda kwa nyuroni kupitia mlango unaoitwa MCT8. Nyuroni anakula chakula kilichopikwa na jirani.

Na homoni zote tatu, njia yao kubwa ni ya polepole. Zinaingia mpaka kwenye kiini cha seli, zinaagiza jeni lisomwe, protini itengenezwe, ipelekwe kwenye ngozi. Masaa, siku. Haziendi kuusukuma mlango ugeuke haraka, zinaagiza milango mingine. Kwenye modeli hiyo ni rahisi: sigusi Km, napandisha Vmax na hesabu ya mikono.

Sasa matokeo, na hapa nilishangaa mwenyewe. Kwenye ule mshindo wa milisekunde moja, kuzidisha milango mara mbili karibu hakuonekani, juu mikono ilikuwa tayari mingi. Tofauti inaonekana kwenye utulivu. Chukua kumwagika kidogo kidogo kwa kila wakati, tuseme 1% ya Vmax: glutamati inatulia kwenye mikromola 0.20. Zidisha milango mara mbili, inashuka 0.10. Kata milango nusu, inapanda 0.41. Hakuna mtu anakufa na 0.41, lakini sasa pandisha kumwagika kufika 60% ya Vmax, sawa wakati wa kifafa au damu imekosekana: kwenye milango ya kawaida inatulia mikromola 30, ambayo tayari ni mbaya, na kwenye milango nusu haitulii tena, inapanda tu, modeli inaniandikia namba mpaka inaisha skrini. Kumwagika kumeshinda kufyonza. Homoni haikuonekana siku ya amani, imeonekana siku ya vita.

Na kuko bei. Kila glutamati inayoingia inaingia na sodiamu tatu, na potasiamu moja inatoka, halafu zile sodiamu lazima pampu izirudishe nje, na glutamati yenyewe inageuzwa glutamini ili irudishwe kwa nyuroni, jumla kama ATP mbili, hiyo njo sarafu ya nguvu ya seli, kwa molekuli moja. Kufagia si bure. Ukikosa nguvu sodiamu inajaa ndani na milango inaweza ata kugeuka, ikaanza kutoa badala ya kuingiza.

Nimechora figira nne. Nzuri sana, za rangi. Kesho namtumia prof.

Tarehe 27

Prof amejibu. Mstari mmoja tu, ata salamu hakuna:

"Sifuri yako umeitoa wapi?"

Tarehe 28

Nilimpigia. Nikamuambia, shikamoo prof, sifuri ni pale hakuna homoni, ni kontrole, kipimo cha kulinganishia. Akasema marahaba, najua maana ya sifuri kijana, nakuuliza Vmax uliyoita "bila homoni" ilipimwa kwenye seli zilizokuwa zinakula nini. Nikanyamaza. Akasema rudi usome sehemu ya metodi, pale wanaeleza walivyopima, ile mnayoruka, halafu akakata.

Nilikuwa nimeiruka.

Tarehe 2 mwezi wa tatu

Nimesoma metodi siku tatu na sasa silali vizuri.

Astrositi kwenye sahani zinaoteshwa kwenye maji ya virutubisho na seramu ya ndama, mara nyingi 10%. Seramu ni nini? Ni damu bila seli na bila vitu vya kuigandisha. Na damu ya ndama ndani yake kuko nini? T3. T4. Steroidi, jamii ya estradioli na kotikoidi. Yaani ile namba niliyoita sifuri, seli zilikuwa zimeogelea kwenye homoni wiki mbili! Wenye makini wanajua hiyo, wanapitisha seramu kwenye makala kwanza. Makala kweli, yaani makaa, ya kaboni, inakamata steroidi, na kwa homoni za tezi kuko wanaotumia rezini. Nilimsomea mama hiyo sehemu jikoni akaangalia gunia lake la makala akasema basi miaka yote hii mimi ni mtu wa labo.

Haijaisha. Ile rangi nyekundu ya pinki inayowekwa kwenye maji ya seli ili uone kama yamekuwa na asidi, fenoli nyekundu, mwaka 1986 Berthois na wenzake walionyesha kwamba inafanya kazi sawa estrojeni dhaifu. RANGI. Watu walikuwa wanapima estrojeni kwenye seli ambazo tayari zinakunywa kitu kinachojifanya estrojeni, miaka na miaka, juu iko pale tu inapendeza macho.

Na haijaisha bado. Astrositi zikioteshwa peke yake bila nyuroni zinaonyesha GLAST na karibu hazionyeshi GLT-1, mpaka uzichanganye na nyuroni au uziwekee dawa inayoiga cAMP, kemikali ya kupeleka ishara ndani ya seli. Kwa hiyo sifuri ya sahani ata ingekuwa safi, si sifuri ya kichwa.

Nimefanya hesabu ndogo ya kujitisha. Tuseme sifuri ya kweli ni milango 1, na homoni kamili inafikisha 3. Kama seramu tayari imenifikisha 2, mimi nitaandika "homoni inaongeza mara 1.5" na kumbe ukweli ni mara 3. Au nitaandika haifanyi kitu, kama seramu ilishafika 3. Figira zangu nne za rangi nimezihamisha kwenye folda inayoitwa "aibu".

Tarehe 9

Nimetoka Idjwi, kwa bibi mzaa mama, upande wa kaskazini. Sikuenda kwa ajili ya memwari, nilienda kwa matanga, lakini memwari ilinifuata kwenye bwato.

Bibi yuko na goita, tezi ya shingo imevimba. Tulipokuwa watoto tuliona ni shingo ya wazee tu, sawa mvi, kila boma lilikuwa na mmoja au wawili. Sasa nimesoma na nimerudi naangalia ile shingo kwa macho mengine, naona aibu kidogo, bibi si figira. Alinikamata naangalia. Akasema angalia vizuri ulipe.

Hiki kisiwa kiko kwenye vitabu vya tezi duniani kote. Miaka ya 1960 Delange, Thilly na Ermans walifanya kazi pale, na walichokiandika 1968 njo kitu kilichonifanya nirudi kwenye mashini nikiwa bado na matope kwenye viatu. Waliona kaskazini goita ni nyingi sana, kusini-magharibi ni kidogo. Kila mtu angesema haya, kaskazini iyodi imekosekana, tumalize. Wakapima. Iyodi imekosekana PANDE ZOTE MBILI, sawa sawa. Kwa hiyo kukosa iyodi kunafungua njia lakini peke yake hakutoshi, kuko kitu kingine kaskazini. Mwaka 1971 Delange na Ermans wakaonyesha kidole kwenye muhogo. Muhogo mchungu usioloweshwa vya kutosha unabaki na linamarini, inatoa sianidi, mwili unaigeuza tiosianati ili isituue, na tiosianati inashindana na iyodi kwenye mlango wa tezi. Iyodi kidogo, halafu ata hiyo kidogo inasukumwa pembeni.

Niliuliza bibi wanalowesha muhogo siku ngapi. Akasema inategemea na njaa.

Lakini mimi kilichonikamata ni kontrole yao. Kusini-magharibi njo sifuri yao, na ni sifuri nzuri juu waliipima, hawakuidhani. Watu wale wale wa kisiwa kimoja, ziwa moja, iyodi ile ile, tofauti moja ya kufuata. Hawakuwa na makala wala rezini, walikuwa na bwato.

Sasa majaribu. Tiosianati ile ile ya muhogo, wenye kupima umeme wa milango ya glutamati wanaitumia labo kila siku! Ile milango iko na njia ya pembeni inayopitisha ayoni hasi, na tiosianati inapita pale kwa urahisi kuliko kloridi, kwa hiyo wanaiweka ili umeme uonekane mkubwa. Niliposoma hiyo nikasimama. Muhogo, tezi, T3, astrositi, glutamati, tiosianati tena, duara limejifunga! Nikaandika kurasa sita usiku ule, kichwa cha habari nilikiweka kwa herufi kubwa.

Tarehe 10

Prof kwa kurasa sita: "Hapana." Halafu baada ya dakika kumi, nadhani alinionea huruma, akaongeza sauti ya WhatsApp. Akasema tiosianati ya labo iko kwenye vipimo vingine kabisa na vya juu, na kupita kwenye mlango si kuuharibu, na mtoto aliyezaliwa bila T3 ya kutosha amepoteza vitu vingi, nyuroni hazikutembea kufika mahali pake, miyelini, ile ngozi ya mafuta ya nyuroni, haikufunika vizuri, glutamati inaweza kuwa ndani ya orodha lakini wewe huwezi kuitenga kwa modeli ya laptop. Akamaliza: vitu viwili kuwa na jina moja si undugu.

Nimezitupa folda ya aibu. Inajaa.

Tarehe 18

Nimeandika upya. Badala ya sifuri moja sasa kuko kigezo kinachoitwa "msingi", kinasema seli tayari ziko na homoni kiasi gani kabla sijagusa kitu, na nakiendesha kwa 0, 20%, 50%, 80%. Badala ya laini moja nzuri napata ukanda mpana, mbaya kuangalia, ukweli wake ni mkubwa zaidi. Kwa kila karatasi niliyochukua namba nimeongeza safu nne kwenye tablo: seramu gani, imepita makala au hapana, rangi iko au hakuna, nyuroni ziko au hakuna. Karatasi mbili nimezitoa kabisa juu hawakuandika seramu yao ilitengenezwaje. Kwenye T3 ukanda unabaki upande wa kuongeza ata nikiubana, hiyo ilinifurahisha. Kwenye estradioli unagusa chini kabisa, nimeandika hivyo hivyo.

Ah na rafiki mmoja wa promosyo aliniuliza leo kama kuko dawa ya kawaida inayoongeza hii milango, si homoni. Iko, na ni seftriaxoni, antibiotiki! Ile ile tunayochoma wodini asubuhi na jioni. Kikundi cha Rothstein waliona 2005 inapandisha GLT-1 kwa panya. Walipoijaribu kwa wagonjwa wa ALS, ugonjwa unaoua nyuroni za misuli, haikuwasaidia. Rafiki alisikitika sawa ni ndugu yake.

Tarehe 23

Sura ya pili imeenda kwa prof saa nne usiku, nilitafuta mega za intaneti za kutuma mpaka mtaa wa Nyawera.

Amejibu saa hiyo hiyo. "Sawa, hii inasomeka. Na ile 15 kwa sekunde, ilipimwa kwenye joto gani?"

Nimeangalia. Waliipima kwenye mayai ya chura, joto la chumbani. Kichwa cha mtu kiko kwenye 37, na mlango unaenda haraka zaidi kukiwa na joto, kwa hiyo ata zile 162 zangu za kwanza kabisa...

Betri iko 34%. Nafungua faili tena.